Kansa ya Kazini na Madai Yetu: Mali Bila Daftari Huisha Bila Habari

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na mwanachama mmoja, fundi wa reli, mbele ya wanachama na wastaafu waliokutana Machakos. Twayachapa kama yalivyosomwa, ili wasiokuwapo nao wapate kuyajua.)



Tumepewa kazi ya kusema juu ya jambo ambalo watu wengi hawapendi kulitaja kwa jina lake, nalo ni kansa. Hatukuja kuwatisha. Sisi si madaktari wala si mawakili. Tu mafundi tuliosoma shule ya misheni mpaka darasa la nane, kisha tukafundishwa na spana na nyundo. Lakini tumeisoma sheria, tumewauliza wanaoijua, na tumeona kwamba yako mambo ambayo mfanya kazi wa reli akiyajua mapema, yeye na jamaa yake watapata haki. Asipoyajua, haki hiyo itampotea ingawa imeandikwa.

Jambo lenyewe ni hili. Mtu akikatwa kidole na mashine, damu yatoka siku ile ile, shahidi yupo, na karani huandika kitabuni. Kansa inayotokana na kazi haifanyi hivyo. Unyuzi wa asbesto ukiingia mapafuni leo, ugonjwa waweza kukaa miaka 20, au 30, hata zaidi ya 40 kabla ya kujionyesha. Siku utakapojionyesha, mfanya kazi amekwisha kustaafu, yuko kwake Masii au Mwala anachunga mbuzi wake. Msimamizi wake amekufa. Karakana imebomolewa. Kampuni imebadili jina. Hapo ndipo anapoambiwa, "Mzee, leta ushahidi."

Basi neno letu la leo ni moja tu: ushahidi wa ugonjwa wa kesho hukusanywa leo, tungali wazima.

VITU VYENYEWE

Shirika la Afya la Ulimwengu lina taasisi yake ya utafiti wa kansa katika mji wa Lyon, Ufaransa. Taasisi hiyo huvipanga vitu katika makundi. Kundi la kwanza ni la vitu ambavyo imethibitika kuwa vyaleta kansa kwa binadamu. Hebu tuangalie ni vingapi katika hivyo vinavyojulikana na mtu wa reli.

Cha kwanza ni asbesto. Wazee waliomo humu wanazikumbuka injini za mvuke za Garratt, zile za daraja la 59 zilizopewa majina ya milima. Mbili katika hizo, Mount Gelai na Mount Shengena, ziko katika Makumbusho ya Reli mjini Nairobi, na watoto wa shule huenda kuzitazama. Maboila ya injini za mvuke, na mabomba yake, kwa kawaida yalivikwa asbesto ili joto lisitoke. Fundi alipotaka kutengeneza boila ilimpasa kwanza alivue vazi hilo, na vumbi jeupe likamshukia kichwani na puani. Asbesto ilitumika pia katika breki na katika mabati ya kuezekea nyumba. Huleta kansa ya mapafu, na ile kansa ya utando unaozunguka mapafu iitwayo mesothelioma, ambayo ni nadra sana kumpata mtu asiyepata kuwa karibu na asbesto.

Cha pili ni moshi wa dizeli. Zamani wataalamu walisema yamkini moshi huo waleta kansa. Mwezi wa Juni 2012 walikata shauri, wakautia katika kundi la kwanza. Miongoni mwa watu waliochunguzwa kwa miaka mingi kabla ya uamuzi huo walikuwa wafanya kazi wa reli wa Marekani. Injini za mvuke zimekwisha kwetu, lakini dizeli ingali inavuta magari katika reli ya zamani na katika reli mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Anayekaa shedini penye injini zinazonguruma bila kuzimwa, huyo anauvuta moshi huo kila siku.

Cha tatu ni vumbi la jiwe, litokalo katika kokoto za njia na katika mchanga ambao injini humwaga juu ya reli ili magurudumu yasiteleze. Lile vumbi laini lisiloonekana huitwa silika. Huharibu mapafu, na tangu 1997 limehesabiwa katika kundi la kwanza.

Viko na vingine. Benzeni, iliyomo katika petroli na katika baadhi ya dawa za kuoshea vyuma, huleta kansa ya damu. Moshi wa kuchomelea vyuma ulihukumiwa na wataalamu hao hao mwaka 2017. Kreosoti, yaani ile lami nyeusi inayopakwa mataruma ya mbao, iko katika kundi la pili: yamkini yaleta kansa, nayo huunguza ngozi jua linapokuwa kali.

Twataka kusema kwa haki: si kila kansa ni ya kazi. Kansa huwapata walimu, wakulima na watoto. Asiyesema hivyo hawasaidii wafanya kazi, maana akifika mbele ya wakubwa atachekwa. Kazi yetu ni kuonyesha kwamba kansa hii, ya mtu huyu, imetoka katika kazi hii.

SHERIA YETU YASEMAJE

Hapa Kenya madai ya mfanya kazi aliyeumia au aliyepata ugonjwa wa kazi yako chini ya Sheria ya Mafao ya Kuumia Kazini ya mwaka 2007, iliyoanza kutumika mwezi wa Juni 2008. Wengi huiita WIBA. Zamani mtu aliweza kwenda kortini moja kwa moja kumshitaki tajiri kwa uzembe. Sheria hii iliufunga mlango huo, ikasema madai yapelekwe kwanza kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Mawakili waliipinga. Mwaka 2009 Korti Kuu ilikubaliana nao katika vifungu kadha wa kadha, na mwaka 2017 Korti ya Rufani ikayageuza mengi ya hayo. Mwisho, tarehe 3 Desemba 2019, Korti ya Juu ilikata kwamba sheria ni halali. Kwa hiyo njia ya siku hizi ni kwa Mkurugenzi.

Wako wanaoilaumu sheria hiyo, nasi hatusemi haina kasoro. Lakini ina jambo moja jema ambalo yafaa tulishike. Haiulizi kosa ni la nani. Mfanya kazi hana haja ya kuonyesha kwamba tajiri alikuwa mzembe au mkatili. Swali ni moja: je, ugonjwa huu umetokana na kazi? Sheria ina orodha ya magonjwa yanayojulikana kuwa ya kazi, na hata ugonjwa usiokuwamo katika orodha waweza kulipwa ikiwa imeonekana kwamba umetokana na kazi hiyo. Aliyelemaa kabisa daima hulipwa hesabu ya mishahara ya miezi 96. Akifa, hesabu hiyo ni ya wanaomtegemea. Kwa mtu aliyelipwa shilingi 30,000 kwa mwezi, hesabu hiyo yafika shilingi 2,880,000. Hicho si kitu kidogo kwa mjane mwenye watoto shuleni.

Asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi ana siku 60 za kupeleka pingamizi kwa maandishi. Mkurugenzi hujibu katika siku 14. Asiyeridhika tena ana siku 30 za kukata rufani katika Korti ya Kazi. Tafadhali zishikeni siku hizo, maana haki nyingi hupotea kwa sababu barua ilikaa katika mfuko wa koti.

Mtu asichanganye fidia hii na matibabu. Bima ya afya ya serikali, ambayo tangu Oktoba 2024 yasimamiwa na SHA badala ya NHIF, husaidia kulipia hospitali. Hiyo si fidia. Kupata moja hakuzuii kudai nyingine.

Sasa angalieni. Kwa kuwa sheria haiulizi kosa bali yauliza ugonjwa umetoka wapi, mzigo wote umekaa juu ya ushahidi. Asiye na karatasi ataweza kusema kweli tupu, na bado asilipwe.

MAJIBU MATATU

Popote duniani mfanya kazi wa reli alipodai fidia ya ugonjwa wa namna hii, alikutana na majibu matatu. Ni vizuri tuyajue kabla hatujaambiwa.

Jibu la kwanza ni, "Umechelewa." Wenzetu wa Marekani wana sheria yao ya wafanya kazi wa reli iliyopitishwa mwaka 1908. Tofauti na yetu, hiyo yamtaka mfanya kazi aonyeshe kosa la kampuni, lakini yamruhusu kwenda kortini mbele ya baraza la wazee wa korti, na yampa miaka mitatu. Palikuwa na mchochea moto wa injini aitwaye Tom Urie, aliyeanza kazi katika reli ya Missouri Pacific mwaka 1910. Injini zilimwaga mchanga juu ya reli kama zetu, na vyombo vya kumwagia havikuwa vizuri, hata vumbi likaingia alimokaa. Alilivuta kwa miaka 30. Mwaka 1940 mapafu yalishindwa, akaacha kazi, na madaktari wakatamka kwamba ni ugonjwa wa silika. Alipodai mwaka 1941 aliambiwa kwamba ugonjwa ulianza zamani, zaidi ya miaka mitatu iliyopita, kwa hiyo amechelewa. Kesi ikapanda mpaka Korti Kuu Kabisa ya nchi yao, na mwaka 1949 majaji wakasema maneno ya akili: mtu hawezi kuhesabiwa kuwa amechelewa kudai ugonjwa ambao hakuujua wala hakuweza kuujua. Muda waanza ugonjwa unapojionyesha. Urie alikuwa amepewa na baraza dola 30,000, na hoja ya kuchelewa haikumnyima.

Hukumu hiyo si sheria ya Kenya. Hata hivyo mawazo yake hayako mbali nasi. Sheria yetu ya Muda wa Mashitaka nayo ina kifungu cha 27, kinachomruhusu mtu aombe korti imwongezee muda ikiwa mambo makubwa ya madai yake hakuyajua. Lakini msilale kwa sababu ya kifungu hicho. Siku daktari atakapotamka ugonjwa, ndiyo siku ya kuandika barua kwa tajiri na nakala kwa Mkurugenzi. Asiyetoa habari mapema huwapa wapinzani silaha.

Jibu la pili ni, "Si wakati wetu." Hili ndilo litakalotusumbua sana sisi. Mfikirieni mzee aliyeanza kazi mwaka 1968 akiwa kijana. Tajiri wake aliitwa East African Railways and Harbours. Mwaka 1969 jina likawa East African Railways Corporation. Jumuiya ilivunjika mwaka 1977, na mwaka 1978 reli ya kwetu ikawa Kenya Railways. Novemba 2006 kazi ya kuendesha magari ilipewa Rift Valley Railways, nayo ikaendelea mpaka 2017. Mzee huyo akistaafu mwaka 2007 amekuwa na matajiri wa majina manne, naye hakusogeza benchi lake hata futi moja. Vumbi lilikuwa lile lile. Je, ni nani atakayejibu?

Wenzetu wameipigania hoja hii nao. Mwaka 2003 korti hiyo hiyo ya Marekani ilisikia kesi ya wafanya kazi sita wa zamani wa reli ya Norfolk and Western, waliokuwa na ugonjwa wa mapafu wa asbesto. Kampuni ilisema wengine walivuta asbesto mahali pengine pia, kwa hiyo mzigo ugawanywe. Majaji walikataa. Zaidi ya hayo, walisema kwamba mtu ambaye tayari ana ugonjwa wa asbesto aweza kulipwa kwa hofu ya haki aliyo nayo ya kupata kansa baadaye. Uingereza nako, mwaka 2002, katika kesi ya Fairchild, majaji wakubwa walisema kwamba mtu aliyevuta asbesto kwa matajiri mbalimbali asinyimwe haki kwa kuwa hawezi kuonyesha ni unyuzi wa nani uliomuua.

Lakini sikilizeni upande wa pili pia. Mwaka 1997 korti hiyo ya Marekani ilimkatalia fundi wa mabomba wa reli ya Metro-North ya New York. Huyo alifanya kazi katika mashimo ya mvuke ya stesheni ya Grand Central, na vumbi la asbesto liliwafunika hata mafundi wakaitwa watu wa theluji. Hakuwa na ugonjwa bado, alikuwa na hofu tu. Majaji walisema kuvuta vumbi na kuogopa hakutoshi, mpaka dalili za ugonjwa zionekane. Basi msidhani kwamba kila aliyepita karibu na asbesto atalipwa.

Jibu la tatu ni, "Ni sigara." Na mara nyingine ni kweli kwamba mzee alivuta. Madaktari wamekwisha kuonyesha kwamba asbesto na sigara vikikutana katika mapafu ya mtu mmoja, hatari huzidishana. Kwa hiyo sigara haiiondolei asbesto lawama, bali huiongezea nguvu. Anayefanya kazi penye vumbi na moshi angali kijana, heri aiache leo. Atakuwa amefanya mema mawili: ameongeza siku zake, na amemnyang'anya mpinzani wake jibu.

MFANO WA KWETU

Mtu aweza kusema, "Hayo ni ya Ulaya na Marekani, hapa maskini hashindi." Basi tushuke na reli mpaka Mombasa. Katika kijiji cha Owino Uhuru, upande wa Jomvu, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri za zamani ili kupata risasi, yaani ile madini nzito. Moshi na maji yake viliingia katika nyumba za watu. Phyllis Omido, aliyekuwa ameajiriwa na kiwanda hicho mwaka 2009, aliona mtoto wake augua, na vipimo vikaonyesha risasi katika damu ya mtoto. Watu wengine nao wakapimwa. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Tarehe 16 Julai 2020 Korti ya Mazingira na Ardhi mjini Mombasa iliamuru wanakijiji walipwe shilingi bilioni 1.3. Mwaka 2023 Korti ya Rufani iliitengua amri hiyo ya malipo. Hawakukata tamaa, na Desemba 2024 Korti ya Juu ikairudisha.

Risasi si asbesto, wala wanakijiji si watu wa reli. Hao walishitaki kwa Katiba ya 2010, inayompa kila mtu haki ya mazingira safi. Lakini fundisho ni letu pia. Kilichowashindia ni damu iliyopimwa na majibu yaliyoandikwa yakawekwa. Kama wangalilia tu bila kupimwa, kilio chao kingalikwisha pale kijijini.

DAFTARI

Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Nasi twaongeza: na afya vivyo hivyo. Twawaomba kila mwanachama anunue daftari moja la shule, lile la kurasa 96, aandike jina lake juu, na alitunze nyumbani pamoja na hati ya shamba. Asilitunze kazini. Ndani yake aandike haya:

1. Siku aliyoanza kazi, jina la tajiri kama lilivyo katika barua ya kuajiriwa, na namba yake ya kazi. Tajiri akibadili jina, aandike siku hiyo.

2. Kila mahali alipofanya kazi: shedi gani, karakana gani, gangi gani, kutoka mwezi gani mpaka mwezi gani. Aliyehamishwa kutoka Konza kwenda Athi River aandike.

3. Kazi yenyewe kwa maneno mepesi. Asiandike "fundi" tu. Aandike: "Nilibandua vazi la bomba kwa patasi, vumbi jeupe, siku nne, sikupewa kitambaa cha pua."

4. Majina ya wenzake waliofanya naye kazi hiyo. Hao ndio mashahidi wa kesho.

5. Vitu alivyopewa vya kujikinga, na siku alizoomba asipewe.

6. Kila mara alipopimwa na daktari, na jibu lake. Kanuni za mwaka 2005 zawataka wafanya kazi wa kazi za hatari wapimwe na daktari aliyeidhinishwa. Ukipimwa, omba nakala.

Katika daftari hilo atie pia barua ya kuajiriwa, hati chache za mshahara za kila mwaka, na taarifa ya NSSF, kwa maana hiyo yaonyesha ni tajiri gani alimlipia na lini. Kampuni yaweza kupoteza majalada yake. Daftari lako likipotea, umelipoteza mwenyewe.

Na jambo lingine dogo lenye faida kubwa: ukienda hospitali kwa kikohozi kisichokwisha, mwambie daktari kazi yako. Madaktari wetu wana wagonjwa wengi na dakika chache. Asipoambiwa kwamba huyu alivua maboila miaka kumi, ataandika "kikohozi" au atadhani ni kifua kikuu, na ukurasa huo utakuwa ndio ushahidi dhidi yako. Mwombe aandike: "Asema alifanya kazi na asbesto katika reli." Maneno hayo hayagharimu kitu.

KWA MAMA ZETU

Twataka kusema na mama zetu kwa heshima. Mzee akifa kwa ugonjwa wa mapafu baada ya kazi ya namna hii, watu hukimbilia matanga, nao wafanya vema. Lakini kabla ya kuzika, ulizeni hospitali ni nini kitakachoandikwa katika cheti cha kifo. Cheti kinachosema "homa ya mapafu" hakisemi lolote juu ya asbesto. Ikiwa daktari ashuku ugonjwa wa kazi, jamaa wakubali maiti ichunguzwe na jibu liandikwe. Twajua ni jambo zito, na kila jamaa ina mila yake. Lakini mfu akiisha kuzikwa, ushahidi umezikwa naye.

Kisha ovaroli. Mama aliyefua ovaroli za mumewe miaka ishirini, akizikung'uta kwanza uani na watoto wakicheza hapo, alivuta vumbi lile lile. Katika nchi nyingi wameonekana wanawake wenye mesothelioma ambao hawakuingia karakanani hata siku moja. Ovaroli ya vumbi ifuliwe kazini. Hilo ni dai la haki, na chama kilidai mbele ya matajiri wote.

KAZI YA CHAMA

Fidia ni pesa, na pesa hairudishi pumzi. Aliyeshinda kesi ya kansa bado ana kansa. Kwa hiyo kazi ya kwanza ya chama ni kuzuia.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yasema mahali penye wafanya kazi 20 au zaidi pawe na kamati ya usalama, na wafanya kazi wawe na wajumbe wao. Tuchague watu wanaoweza kusema, tusichague watu wa kunywa chai tu. Wajumbe hao wadai haya: injini zisiachwe zikinguruma ndani ya shedi, vumbi lilowanishwe kwa maji kabla ya kufagiwa, wala lisipulizwe kwa upepo wa mashine, mabati na mabomba ya asbesto yasivunjwe na kibarua mwenye nyundo, bali yaondolewe na watu wenye ruhusa na vyombo. Kanuni za taka za mwaka 2006 ziliihesabu asbesto kuwa taka ya hatari. Isitupwe bondeni, wala mtu asichukue mabati hayo kuezekea zizi.

Kazi ya pili ni kuwaandika wastaafu. Kila tawi liwe na kitabu cha wazee wake: walifanya nini, wapi, na nani. Mzee mmoja aweza kuwa shahidi wa kumi. Akifa kabla hajaandikwa, kumi wamepoteza shahidi. Twapendekeza kazi hiyo ianze hapa Machakos mwezi huu. Mwaka 1899 reli iliupita mji wetu kando, ikaenda zake Nairobi, lakini watu wa Ukambani hawakuikosa kazi yake. Wazee wa kuandikwa wako wengi katika vilima vya Mua na Iveti na chini mpaka Yatta.

Kazi ya tatu ni kuwalinda wagonjwa na wadanganyifu. Atakuja mtu mwenye tai na mkoba, aseme, "Mzee, tia kidole hapa, nitakuletea milioni." Usitie sahihi wala kidole katika karatasi usiyoielewa. Ilete kwa Katibu kwanza. Fomu za Mkurugenzi hazihitaji dalali.

Ndugu zetu, tumesema mengi, na jua limekwenda. Wako humu wanaokohoa, nasi tumewasikia tangu asubuhi. Kwao hatukuja na ahadi, maana hakuna ajuaye Mkurugenzi atasema nini. Twawaambia waende wakapimwe, wamweleze daktari kazi zao, na watoe habari kwa maandishi mapema. Kwa vijana twasema: mkitoka hapa, pitieni dukani.

Daftari ni shilingi chache, na kalamu mnazo. Andikeni leo mlichokivuta leo.